Mwokaji Aliyekataliwa na Ngano

Mvuke unafuka kutoka kwenye sufuria pana, na Fundi Mikate anakwepesha uso ili miwani isishike ukungu. Anatoa vipande vya boga vilivyoiva kwa mvuke, anavimimina kwenye kitambaa cheupe, kisha anakisokota na kukikamua mpaka mishipa ya mikono inamtoka. Maji ya rangi ya chungwa yanachuruzika kwenye beseni.

"Maji ndiyo adui," anasema huku akihema. "Ukiyaacha, utatoa uji kwenye oveni, si keki."

Chumba hiki cha kuokea hakina hata chembe ya unga wa ngano. Kwa mtu aliyeishi ndani ya vumbi lake zaidi ya miaka ishirini, hilo si jambo dogo.

Ugonjwa ulimwanza polepole. Tumbo lilijaa, likauma, likaharisha. Aliacha maziwa, akaacha maharage, akaacha pilipili. Mkate hakuuacha, maana hakuna mwokaji asiyeonja kazi yake. Alikonda kilo kumi na nne, majirani wakaanza kunong'ona. Siku alipoanguka mbele ya oveni, mkewe alimkokota hadi hospitali.

Baada ya vipimo, daktari alimweleza kwamba mwili wake haupatani na gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike. Hata kipande kidogo cha mkate kingemuumiza utumbo.

"Nilicheka," anakumbuka. "Nikamwambia, daktari, ngano ndiyo inayonilisha mimi na wanangu. Halafu kicheko kikaniishia njiani."

Alikaa nyumbani, duka la mbele limefungwa, oveni imezimwa, wateja wamehamia kwingine. Familia ikala kwa kile mkewe alichopata kwenye meza yake ya mboga sokoni. Ni yeye aliyerudi jioni moja na maboga na viazi vitamu vilivyobaki, akavibwaga mezani.

"Nilimwambia, baba watoto, mikono unayo, oveni unayo. Kilichokukataa ni ngano tu," anasimulia mkewe, akimenya viazi kando yake. "Akasema mboga ni chakula cha sungura. Nikamwambia, basi kaa na njaa yako."

Alianza kwa hasira. Vibao vya mbao na chekeche zake za zamani alivitupa vyote, kwa sababu ngano hung'ang'ania kwenye nyufa. Keki ya kwanza ilibonyea katikati kama kofia iliyokaliwa. Iliyofuata ilinuka mayai. Taratibu akagundua kwamba boga linataka mvuke, si kuchemshwa, na kwamba mayai yakipigwa mpaka yaumuke, yanaibeba keki badala ya unga.

Hatimaye moja ilisimama. Alikula vipande viwili, akalala akisubiri tumbo lianze vituko vyake. Halikuanza. Alfajiri aliamka akamtikisa mkewe.

"Mimi nilishavaa viatu vya kwenda hospitali," mkewe anasema, akicheka mpaka kisu kinamtoka mkononi. "Kumbe bwana ana njaa. Anataka kifungua kinywa."

"Njaa ya kawaida kabisa," Fundi anaongezea kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nimeisahau ilivyo."

Kilo zimerudi. Wateja nao wanarudi, wengine wakielekezwa na hospitali. Kuna mama mmoja aliyeleta binti yake ambaye kwenye kila sherehe ya watoto wenzake alikuwa akipewa tunda huku wengine wakila keki. Binti alikaa kizingitini, akala kipande chake, akalamba vidole. Mama yake aligeukia ukutani, akajipangusa macho.

Keki Fundi ameiweza. Mkate bado unamchezea.

"Nataka mkate wa kukata slesi," anasema. "Uupake siagi, uukunje, usibomoke mkononi. Nikiupata huo, nitafungua tena duka la mbele."

Wa leo ni wa koliflawa iliyokunwa na kukamuliwa. Anautoa kwenye oveni, anauacha upoe, anakata kipande na kumpa mkewe. Mkewe anatafuna bila haraka, macho darini.

"Bado," anasema. Kisha anauvuta mkate karibu na kujikatia kipande cha pili.