Swali la Mlima

Wiki iliyopita binti wa mwalimu wetu wa zamani wa Mukuju alinipigia simu. Alikuwa akisafisha nyumba ya marehemu baba yake, akapata kaseti imeandikwa juu, "Hadithi ya mlima". Fundi wa redio pale Tororo akamhamishia kwenye simu, naye akanitumia. Rafiki yangu, ilikuwa sauti ya marehemu nyanya yangu. Nilishinda nayo mkononi siku nzima bila kuifungua.

Ujue, siku hizi nafundisha fasihi chuoni, upande wa Busitema, na somo langu ni masimulizi ya watu wa mlimani. Vya kufundishia ndivyo nisivyo navyo. Nikitafuta sana napata kurasa mbili tatu zilizoandikwa na msafiri mpita njia. Hadithi ya nyanya ndiyo niliyoitamani miaka yote, maana kijijini kwetu aliijua yeye peke yake.

Nyanya alizaliwa kwenye mteremko wa mlima Elgon, akaolewa huku chini, na nasi wajukuu alisema Kiswahili chake cha sokoni. Ndugu zake wakishuka walimletea malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, na siku hiyo nyumba nzima ilinukia moshi wa kwao. Aliyapika kwa mchuzi wa karanga, polepole, sisi tumekaa chini tunamenya karanga nyingine. Mlima ulionekana kule mbali, wa buluu, unafifia. Hapo ndipo alipoanza. Mlima unauliza, "Nani anapanda?" Na sisi sote, "Ni sisi, watoto yako!" Tusipojibu, nyanya hasogei mbele hata neno moja. Aliyesinzia alingojewa mpaka aamke, na wenye karanga mdomoni walijibu hivyo hivyo, nyanya akicheka.

Mwalimu alipokuja na redio yake ya kaseti kurekodi, alitaka kaseti safi ya kufundishia. Alikuwa mtu mwema, ila kazi yake aliipenda kupita kiasi. "Nyinyi nendeni kisimani," akatuambia, "hapa nataka kimya." Tukaenda tukinung'unika, madebe yakigongana njia nzima.

Juzi ndipo nilipoifungua, mbele ya wanafunzi. Mfuniko wa sufuria unalia, nyanya anakohoa kidogo, anaanza. Mwanamke anatoka kwake na mzigo kichwani, anafika chini ya mlima.

"Nani anapanda?"

Kimya. Anauliza tena, taratibu zaidi. Mwalimu anasikika akinong'ona, "Endelea, Mama."

"Naendelea na nani, Mwalimu? Watoto yangu umepeleka wapi?"

Kaseti inaishia hapo.

Msichana wa mbele akaniuliza, "Sasa madam, yule mama alifika?" Majibu yetu ninayo yote, hata tulivyokuwa tukivuta sauti nakumbuka, lakini safari yenyewe sina. Sisi kazi yetu ilikuwa kujibu. Ya katikati tulimwachia nyanya, tukiamini atakuwepo kesho. Ilinichoma, nikageukia dirisha, na mlima ulikuwa pale pale.

Wanafunzi wakaomba tuirudie. Nikawafundisha jibu, nikarudisha mwanzo. Nyanya akauliza, "Nani anapanda?" Darasa zima likaitikia, "Ni sisi, watoto yako!" Tukangoja, wengine wameinamia simu yangu.

"Watoto yangu umepeleka wapi?" akasema nyanya.