Mashine kuu ya kiwanda cha chai ilivyopotea, majani ikiungua kwa magunia

Wakuu, habari za huko. Hii yangu siongezi chumvi, nilikuwa hapo.

Miaka ya tisini nilikuwa clerk wa kompyuta kwa kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho. Tulikuwa na mashine nne za kompyuta. Moja ndiyo kuu: ikizima, zile zingine zinaganda.

Niliiweka ofisi ya mizani, nikabandika karatasi: ISIHAMISHWE.

Manager akasema mashine kubwa haiwezi kukaa na watu wa magunia. Akaipeleka kwake. Sawa, mkubwa ni mkubwa.

Sasa Jumanne moja asubuhi, screen zote zikaganda. Nikakimbia kwa manager. Meza tupu. Yeye mwenyewe ameenda Bomet, na simu za mfukoni hatukuwa nazo.

Nikatafuta stoo. Nikatafuta hadi kwa boiler.

Nje foleni imefika barabarani. Supervisor amekataa kupokea majani mpaka kompyuta irudi, ati ni utaratibu mpya. Mama mmoja wa Merigi, Mama Chebet, akanishika mkono akauingiza kwa gunia lake. Ndani ilikuwa moto kama uji.

Akaniambia polepole, "Kijana, majani haijui kungoja."

Nikarudi ndani kuendelea kutafuta.

Joyce wa mizani ndiye aliamua. Akatoa counter book na kalamu, akaanza kupima bila kuuliza mtu. Supervisor akamwambia atafutwa kazi. Joyce akaita gunia linalofuata.

Mimi nikaipata boardroom. Kumbe manager aliihamisha Jumamosi ndio madirector waione. Imefunikwa kitambaa cha kushona, juu yake vase ya maua. Plagi imetolewa, mahali pake kuna birika ya stima.

Madirector walikuwa wamekaa hapo wakingoja chai, nikawaeleza shida. Chairman akanitazama kwa upole.

"Ngoja kwanza maji ichemke."

Nikangoja, wakuu. Nilisimama hapo kama mlingoti.

Niliporudi nje, majani ya magunia mawili ya Mama Chebet yalikuwa yameshageuka rangi. Yalimwagwa kwa mtaro, naye akakunja magunia yake akaenda.

Wiki iliyofuata nilipata warning letter: kutojua mahali mashine ilipo. Joyce naye akapata yake, ya kutumia kalamu.

Nilichojifunza: kile kinachofungua vingine vyote kiwe na kiti kimoja, kila mtu akijue, na mkubwa asikibebe kama kombe la mpira.

Ile barua ningali nayo. Wewe ungengoja birika ichemke, ama ungeng'oa plagi? Semeni ukweli.