Mlima wa ski ulisema theluji ni mbovu, mimi nikasema nzuri

Wakuu, heshima kwenu wote.

Niko Toronto, Kingsview Village, mwaka wa sita sasa. Shule yangu ni ya kawaida, mtanivumilia kwenye uandishi. Ila nitaandika kama ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha.

Kanisani kwetu tulipanga safari ya kwenda ski, kule kuteleza juu ya theluji na mbao miguuni. Wengi hatujui kitu, tulilenga kile kilima kidogo cha wanaoanza.

Aliyeitaka zaidi safari ni Mama Neema, mzazi wetu pale kanisani. Majira ya baridi yaliyopita aliteleza kwenye barafu kituo cha basi, akavunjika mkono. Tangu hapo theluji ikianguka hatoki ndani. Alisema akiteleza kwa kupenda mwenyewe, labda woga utaisha.

Mimi nilipewa kazi moja tu, kuangalia hali ya theluji.

Jumamosi asubuhi nikafungua website ya mlima. Nilitegemea kukuta sifa tupu, si ndiyo biashara?

Wameandika njia za kuteleza zilizo wazi ni nne kati ya kumi na mbili. Kilima cha wanaoanza kimenyeshewa mvua jana, kimeganda, kigumu kama sakafu. Kama ni mara yako ya kwanza, subiri siku nyingine.

Sikuamini, nikapiga simu, nikasema tuna mama mmoja anayeanza. Dada aliyepokea akaniambia, "Angekuwa mama yangu, leo nisingemleta."

Nikamuuliza kama bosi wake anajua anafukuza wateja. Akacheka. "Yeye ndiye ameandika."

Nimekata tu, Mama Neema huyo anapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Habari za mlimani?"

"Nzuri tu mama."

Wakuu, mnatujua. Hata mgonjwa yuko kitandani anajibu nzuri kwanza, halafu ndiyo inakuja "ila". Kabla sijafika kwenye ila, akashukuru, akakata. Angalau ningempigia tena. Sikupiga.

Nikiandika hapa najiuliza kama yalikuwa mazoea kweli au niliogopa kumvunja moyo. Labda vyote.

Nafika parking ya kanisa, watu kama ishirini wako ndani ya basi. Mama Neema siti ya mbele, kavaa suruali ya theluji ya mjukuu wake, imembana.

Nikapanda, nikasoma report yote kwenye simu. Nikasema pia kwamba niliijua tangu asubuhi, nilipomwambia Mama Neema ni nzuri.

Otieno, Mkenya mmoja anayejua kuteleza, akauliza, "Boss, sasa ile nzuri ilikuwa ya nini?"

Mama Neema akanitazama. "Baba, mkono ni wangu. Ungeniacha nikauvunje tena kwa sababu ya adabu?"

Watu wakacheka. Mimi ilinichukua muda kucheka.

Safari ikaahirishwa. Otieno na wenzake watatu wakaenda na gari lake. Mchana akatuma picha kwenye group: njia nne, na kile kilima kinang'aa kama kioo. Kama walivyoandika.

Nisiwaonee wengine. Kuna mlima tulienda zamani, website ilisema theluji tele, tukakuta matope. Lakini siku ile jua lilikuwa kali, labda asubuhi waliandika kweli. Siwezi kuapa.

Wiki mbili baadaye Mama Neema akanipigia. Hakuuliza habari. "Nisomee walichoandika."

Nikamsomea: theluji mpya, laini, kilima cha wanaoanza kiko wazi chote.

"Haya, twende."

Alianguka mara mbili, akainuka mwenyewe. Mara ya tatu akafika chini amesimama, akakataa kushikwa mkono mpaka kwenye basi.

Nilichojifunza ni hiki. Wanaoishi kwa kuuza theluji walisema ni mbovu. Mimi nisiyeuza chochote ndiye niliyeipamba.

Wenye uzoefu na milima ya huku, nao wanawaambia ukweli? Na kama mnaona najilaumu kupita kiasi, au kidogo mno, semeni tu. Nasoma zote.