Bakteria wa Mazizi Mawili

Kazi ya dada huyu maabara ilikuwa kusoma vinasaba vya bakteria wanaosababisha magonjwa ya ng'ombe, na kaka yake na mdogo wake, wafugaji waliopakana ua kwa ua, walimtania kwamba amesoma miaka yote hiyo ili aje kuchungulia mavi. Ng'ombe wao walipoanza kutupa mimba, zizi hili leo, lile kesho, utani uliisha. Kaka mtu alishikilia neno moja tu: ugonjwa umeletwa na dume la mdogo wake.

Dada alichukua sampuli pande zote mbili, akaotesha bakteria, akasoma vinasaba vyao kwenye mashine. Majibu ya kwanza yalipotoka, kaka alipiga simu.

"Bakteria ni wa ukoo mmoja," dada alimwambia. "Lakini ngoja, kaka, hiyo haisemi nani kamwambukiza mwenzake..."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Kaka aliliendea dume kwanza. Alilipiga shoka kichwani mpaka likapiga magoti, akaendelea kulipiga hata miguu ilipoacha kurusharusha. Mdogo wake alipokuja mbio kumshika, akamgeuzia shoka. Pigo la kwanza lilimvunja taya, la pili likamtoa jicho. Majirani walimkuta kaka ameketi juu ya mzoga, damu hadi viwikoni, akiomba maji ya kunywa.

Dada hakulia. Alirudi kazini, akatoa kwenye friza bakteria waliohifadhiwa zamani kutoka shamba ambako kaka alinunua mitamba yake, akawalinganisha. Mabadiliko ya vinasaba yalifuatana bila utata: kutoka shamba lile hadi zizi la kaka, ndipo la mdogo.

Alimfuata rumande.

"Ugonjwa ulianzia kwako, kaka. Ulikuja na mitamba yako."

Kaka alishika nondo za mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Mdogo wetu. Nimeanza kwake."

Akagonga paji la uso kwenye nondo, akagonga tena na tena, hadi askari wakamvuta, damu ikimwingia machoni. Dada alisimama akitazama. Moyoni, alimwambia mama yao baadaye, alitamani wasimzuie.

Ng'ombe wote walioambukizwa walichinjwa, wa huku na wa kule. Mdogo, bandeji usoni, alishika kamba mwenyewe. Walipofikia wa kaka yake, alinyoosha mkono kwa mchinjaji.

"Nipe kisu," alisema kwa taya iliyofungwa.

Dada alimtoa pale, akashika kamba yeye.