Kesi Bila Mwenyewe

Mwanamke aliyekuwa akitufanyia kazi nyumbani kwetu Al Amerat, nje kidogo ya Maskati, aliwahi kuwa hakimu. Si hakimu wa joho. Alikuwa mjumbe wa baraza la kijiji kwao Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, na kwa miaka sita yeye ndiye aliyeandika kumbukumbu za kila shauri: mbuzi walioingia shamba la mtu, mume aliyempiga mkewe, jiwe la mpaka lililotembea lenyewe usiku. Alinihadithia haya huku anakuna nazi, bila majivuno yoyote. Shauri lilisikilizwa mbele ya duka, watu wote wakiwapo, na wa kwanza kusema ni yule aliyeumizwa. Hata mwenyekiti hakuruhusiwa kumkatiza.

"Akishindwa kusema tunangoja," aliniambia. "Kuna mama mmoja alilia tu mpaka saa saba mchana. Tulimngoja."

Mimi ndiye kafili wake, mdhamini wake hapa Omani, jina langu ndilo lililo kwenye karatasi zake za kazi. Nina kazi nzuri Madinat Sultan Qaboos, nimesoma, na nilijihesabu mwajiri mwema kwa sababu aliniita dada na simu yake alikaa nayo mwenyewe. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanionea huruma.

Asubuhi moja alitoka kwenda kutupa taka. Jirani yetu, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa anarudisha gari nyuma kwa pupa, na alikaribia kumbana ukutani. Mwanamke akapiga buti la gari kwa kiganja ili lisimame. Jirani akashuka, akamwuliza mtumishi anapata wapi ubavu wa kulipiga gari lake, akamkamata mkono wa kulia na kuusokota mpaka mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Kisha akaenda zake kazini.

Nilimpeleka hospitali, akafungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, na siku hiyohiyo tukaenda polisi. Alieleza kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri kwa Kiarabu, askari akaandika. Siwezi kumsema vibaya askari yule. Alimpa kiti, alimwuliza taratibu, na pale nilipofupisha aliniambia nirudie. Tulipotoka, mwanamke huyu aliyevunjwa mkono alikuwa na furaha.

"Wameandika yote?"

"Yote."

"Basi tutaenda mbele ya jaji, na mimi nitasema."

"Utasema," nikamwambia. "Nakuahidi." Hakuna aliyeniomba ahadi. Niliitoa mwenyewe, ndani ya gari, na nikajipenda kwa kuitoa.

Wiki tatu zilizofuata alijiandaa. Kwa mkono wa kushoto alichora ramani ya uchochoro nyuma ya kalenda: pipa hapa, gari hapa, yeye hapa. Alipokuwa akiosha vyombo nilimsikia akijisemea maelezo yake, akikosea, akianza upya. Aliniuliza kama jaji atamwacha asimame. Nikamwambia atasimama kama watu wote.

Kisha Ijumaa moja baada ya alasiri wageni wakaja. Hawakuja kwangu, walikwenda kwa ami yangu, kaka wa marehemu baba, ambaye majlisi yake imepakana ukuta na sebule yetu. Baba yake jirani, pamoja na sheikh wa mtaa na wanaume wengine wanne, wote wamevaa majambia kiunoni na mashuka ya mabega, mavazi ya harusi na ya mambo mazito.

Ami yangu alikuja Maskati akitokea Unguja akiwa kijana, na Kiarabu chake hakikuacha kunuka karafuu. Maisha yake yote hapa amechekwa kwa hilo, kwa upole, na watu wanaompenda, na kila mara amecheka nao. Mimi nilimjua. Nilijua namna alivyokuwa akirudi nyumbani na kunyamaza.

Kwa Waarabu wa huku, mtu mwenye haja kubwa akija kwako ukampa kahawa, huiweka finjani chini bila kuionja. Hainywi mpaka umwambie kwamba haja yake umeitimiza. Ukimwacha aondoke na finjani imejaa, aibu ni yako. Ami alikuwa akitusimulia mila hiyo tangu tukiwa wadogo, kama mtu anayesimulia karamu ambayo hajaalikwa.

Mimi na mama tulikuwa nyuma ya mlango wa sebule. Kahawa aliipika yeye mwenye plasta, kwa mkono mmoja, hajui ni ya nani. Kaka yangu akaimimina. Tukasikia finjani zikiwekwa chini moja baada ya nyingine, kisha sheikh akasema kwamba wamekuja kwa bwana mkubwa wa nyumba hii kuomba tanazuli, yaani ile karatasi ya mlalamikaji kuifuta kesi yake.

Nilingoja ami aseme kwamba kesi si yake. Ni maneno mawili matatu tu.

"Kunyweni," akasema ami. "Mlilojia mmeshalipata."

Nikainuka. Mama akanidaka nguo. "Kaa kitako! Wataka kwenda kumtia aibu ami yako mbele ya wanaume?"

Nikakaa. Nina miaka arobaini na moja, nasaini barua za idara nzima, na nikakaa.

Walipoondoka nilimfuata majlisini. Macho yake yalikuwa na machozi, ya furaha, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Ami, kesi ile ya mwenyewe."

"Nnajua. Lakini nipo hapa tangu nna nywele nyeusi, nani alowahi kuniwekea finjani chini?"

"Na yeye je?"

"Yeye si kama mwanetu? Kwani mwana hasemewi na wazee wake?"

Hakuwa akisema uongo. Aliamini kila neno, na laiti angalau angekuwa mtu mbaya.

Mwenye kesi nilimkuta jikoni akiosha finjani, ameegemeza plasta kwenye ukingo wa sinki.

"Hao wageni walikuwa wanataka nini?"

Nikamwambia. Alifunga bomba.

"Wameomba msamaha?"

"Wamemwomba ami."

"Kwani mzee alivunjwa wapi?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta finjani.

"Mnamaliza kesi na mwenye kesi yuko jikoni?" Alicheka, kicheko kifupi. "Kwetu hata mlevi tunamwita kwanza asikilizwe. Na nikikataa, dada?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu njiani. Ukikataa nitasimama na wewe. Lilikuwa mdomoni, tayari. Nikamfikiria ami, na mama, na sheikh ambaye angerudi kuuliza nyumba hii ni ya nani, na ugomvi wa kila siku mpaka nife.

"Ukikataa," nikasema, "itakuwa vigumu kubaki katika nyumba hii."

Anasomesha watoto watatu. Kwa kafili mwingine asingeweza kwenda bila ridhaa yangu, na wote wawili tulilijua hilo.

"Sawa, madam," akasema.

Jumapili tulikwenda kituoni. Jirani alikuwa pale na baba yake, akanisalimu kwa adabu, akaniuliza hali ya mama. Mwanamke mwenyewe hakumsemesha wala hakumwangalia. Karatasi ilikuwa tayari, kwa Kiarabu. Mwanamke aliomba kalamu aandike jina lake, akajaribu kwa mkono wa kushoto, herufi zikaanguka huku na huku, na askari, yule yule wa mwanzo, akamwambia basi, kidole kinatosha. Mtu aliyeandika mashauri ya kijiji kizima kwa miaka sita akafungua kiganja kungojea wino.

Askari hakumpa wino. Aliivuta karatasi kwake, akamtazama yeye, si mimi.

"Muulize," akaniambia. "Anasamehe kwa hiari yake? Kuna mtu aliyemlazimisha? Akisema yupo, karatasi hii naichana sasa hivi."

Nikamuuliza kwa Kiswahili, neno kwa neno. Sikupunguza kitu.

"Mwambie mimi sijasamehe mtu," akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akijisemea nayo kwenye sinki. "Mwambie naweka kidole kwa sababu nataka kubaki na kazi. Mwambie hivyo hivyo, madam."

Askari alishika kalamu, akaniangalia. Baba yake jirani aliniangalia. Nje kuna mtu aliyekuwa akijaribu kuwasha gari, linakataa.

"Amesema nini?"

"Naam," nikasema. "Kwa hiari yake."

Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni tu, lakini neno naam alilijua. Alitoa kidole, na mimi nikakishika na kukielekeza mahali pa kuweka.