Safari Aliyotulipia Kaka

Kaka yangu alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na kwa miaka mingi nilidhani maoni yake ni yangu. Alifungua chumba cha gemu pale Bomani, Tarime mjini, wakati dhahabu ilikuwa imewapagawisha watu na kila kijana alitoka machimboni na vumbi masikioni na hela mfukoni. Kilikuwa chumba cha televisheni mbili na mabenchi ya mbao. Mimi, dada yake mdogo, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, akanipa niwe msimamizi. Nilipangusa pedi za kuchezea zilizolowa jasho, nilipanga zamu, na vijana walipozidisha fujo nilizima swichi ukutani.

Mle ndani watu walicheza mpira wa kwenye kioo huku wakibishana juu ya dunia nzima. Kama simu zitaua barua. Kama Wakenya wa ng'ambo ya Sirari wanatuzidi akili au wanatuzidi maneno tu. Kama mbunge ana kazi yoyote baada ya kuchaguliwa. Kaka alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akatoa hukumu ya kila ubishi, na watu wakaikubali.

Baba alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akatazama.

"Watu wazima na ndevu zao," alisema, "wanakimbiza mpira ambao haupo."

"Tata, dunia imekwenda," kaka akamwambia. "Kesho hata ng'ombe utawachunga kwa simu."

"Na maziwa nitayakamua kwa simu?"

Chumba kizima kilicheka, na kaka alicheka kuliko wote. Alimpenda baba. Hilo nalisema mapema, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri vingine.

Nyumbani kwetu hasa hapakuwa mjini. Palikuwa kijijini, upande wa mgodi, na mgodi ulikuwa unapanuka. Ilisemekana maeneo yetu yatapimwa, wenyewe walipwe fidia wahame. Majirani wengine walianza kufanya tegesha: unasimamisha vibanda vya haraka shambani, unapanda miti iliyobanana kama nywele, ili wathamini wakija wakute mali nyingi. Baba hakupanda hata kijiti. Alisema pale amelala baba yake, na hatoki.

Mkutano wa kijiji ulifanyika uwanja wa shule. Kaka alisimama kando ya baba, akashika kipaza sauti. "Kwetu hapapimwi," alisema. "Na jirani yangu akikataa, tunakataa pamoja. Anayekubali peke yake ametuuza sote." Kina mama walipiga vigelegele. Baba aliweka mkono begani mwa mwanawe na kuuacha pale hadi mkutano ulipokwisha. Nilikuwa naona fahari hadi machozi yananilengalenga.

Tangu siku ile vijana wa gemu walianza kumwita mheshimiwa. Mwanzoni ilikuwa utani. Baadaye aliacha kuucheka utani huo, akaanza kuvaa shati la mikono mirefu, na tukajua anautaka udiwani.

Jumapili moja, baada ya ibada, alikuja kijijini na habari. Amekodi gari aina ya Noah. Familia nzima iende Serengeti kuona wanyama, tukalale kwa shangazi yetu aliyeolewa Nyansurura.

"Wazungu wanavuka bahari kuja kuwaona," alisema, "na sisi tuko hapa, pua na mdomo, hatujui hata lango liko wapi."

"Zamani tulikuwa tunawala," baba akasema. "Leo tukawalipie kiingilio?"

"Mkawasalimie tu, Tata."

Mama ndiye aliyeamua. Katika maisha yake safari zake zote zilikuwa za misiba: kuzika ndugu upande wa Kenya, kuzika ndugu Musoma, kurudi na kanga zenye vumbi la makaburi. Alisema anataka, kabla hajafa, kwenda mahali ambapo hakuna anayelia.

"Na nyumbani abaki nani?" baba aliuliza.

"Nitabaki mimi," kaka alisema. "Mwaka mzima mnabaki nyinyi. Na mimi nichunge, nikumbuke."

Mama alimshika kichwa, akamwombea palepale uani, kwa sauti, kwa Kikurya.

Ilikuwa safari nzuri. Sitaisema vibaya kwa sababu ya kilichotokea. Tulivuka daraja la Mto Mara, tukapita Mugumu, shangazi akatuchinjia mbuzi. Kesho yake tuliingia kwa lango la Ikoma, na baba, aliyekuwa akijifanya hajali, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele: "Simamisha! Simamisha!" Ni twiga, wawili, wanavuka barabara bila haraka. Mama alifunika mdomo kwa viganja. Niliwapiga picha kwa simu, na tulipopata mtandao baba akaniambia, "Mtumie kaka yako aone."

Kaka alijibu kwa ujumbe wa sauti. Tuliisikiliza sote ndani ya gari. "Furahini wazazi wangu. Ng'ombe wazima. Msikimbilie kurudi, kaeni hata kesho." Tukakaa.

Tulirudi mchana, jua kali. Kitu cha kwanza nilichokiona ni namba nyekundu kwenye ukuta wa nyumba. Namba nyingine kwenye jiko la mama. Nyingine kwenye banda la mbuzi. Shambani palikuwa na vigingi, na zege la kaburi la babu lilikuwa na rangi ileile, bado inang'aa. Kaka hakuwepo. Ng'ombe walikuwa wamefungwa vizuri, wamenyweshwa.

Baba alifikiri ni wahuni. Alinituma kwa jirani kuuliza.

Yule mama jirani alikuwa anang'oa karanga. Nilimwamkia, hakuitikia, wala hakunyanyuka.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Kaka yako aliwatembeza wathamini mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Alisema mzee amekubali, anamwakilisha. Ila anaona aibu kutuambia, ndiyo maana amesafiri."

"Mama, si kweli. Tata hajui."

"Mume wangu alipoona kwenu mmepimwa, naye akatia sahihi. Tungebaki na nani?" Ndipo aliponitazama. "Baba yako ametuuza, halafu akaenda kutazama twiga."

Nilimpigia kaka simu nikiwa palepale njiani, katikati ya mashamba. Alipokea haraka, kama aliyekuwa anasubiri.

"Pale pangekwenda tu, mdogo wangu," alisema. "Leo au mwakani. Mimi nimewahi, tumepata bei nzuri. Uchaguzi nao haungoji, na kampeni ni hela."

"Ulisema mbele ya watu, kaka. Ulishika kipaza sauti."

"Kwenye mkutano mtu anasema maneno ya mkutano."

"Na safari?"

"Safari ilikuwa ya kweli. Nilitaka Mama afurahi."

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi. Kama angenidanganya ningemchukia nikamaliza. Lakini naamini alisema kweli, na ndiyo inayonichoma: kwamba alitutakia furaha na akatuuza kwa tendo moja, na hakuona tofauti.

Baba alipanda gari kwenda ofisi ya ardhi ya wilaya kupinga. Aliambiwa pingamizi linahitaji mashahidi kwamba hakuwahi kumtuma mwanawe. Mashahidi ni majirani, na majirani walikuwa wakimwona anapita wanageuza migongo. Alijaribu nyumba mbili, wazee aliotahiriwa nao mwaka mmoja. Mmoja alimwambia, "Hata kama hukujua, mtoto ni wako." Baada ya hapo hakwenda kwa mwingine.

Tulihamisha mifupa ya babu, tukahamia Turwa, upande wa mjini, kwenye kiwanja cha kuingia ng'ombe wachache. Sikurudi chumba cha gemu. Vijana walimpigia kaka kura, akashinda, na mpaka leo sokoni kuna wanaoniita dada wa mheshimiwa wakidhani wananifurahisha.

Alikuja Turwa mara moja, na mkewe, wamebeba sukari na kitenge cha Mama.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba."

Mama alileta viti. Baba alisimama, akachukua ndoo, akaenda nyuma kwa ng'ombe, hakurudi. Kaka alikaa na chai yake, akamweleza Mama habari za barabara, za shule, za mambo anayotaka kufanya. Walipoondoka Mama aliwasindikiza hadi barabarani. Alirudi macho mekundu, akaniambia niache moyo mgumu, yule alimzaa yeye.

Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikamshikia baba ndama ili akamue.