Milimita Tatu

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: nikinyamaza, nani atajua? Nililigeuza kila upande. Fundi hasomi grafu. Bosi hataki kuziona. Kompyuta ni yangu.

Kazi yangu ya kumalizia shahada ilikuwa programu ya kukadiria nguvu inayokipata kisu cha mashine kinapochonga chuma. Unaiambia aina ya chuma na kina cha kukata, inakuchorea mstari. Mstari ukibaki chini ya kikomo, kisu ni salama. Walimu waliisifu. Mwaka mzima baadaye nilichopata ni kujitolea kwenye karakana moja ya Kibiti, yenye mashine kuukuu ya kuchonga meno ya gia na fundi mmoja mzee aliyeiendesha.

Wiki ile tulikuwa na gia ya mashine ya kukoboa mpunga kutoka Umwe. Watu wameshavuna, magunia yamekaa. Fundi alikata kipande cha ekseli ya lori lililopinduka Nyamwage, akakifunga kwenye mashine, akaanza kukila nusu milimita kwa nusu milimita, sikio kaliinamisha.

"Kwa mwendo huu tutamaliza Idi," nikamwambia. "Kompyuta inasema milimita tatu, bila wasiwasi."

"Kompyuta imeshawahi kushika ekseli?"

"Imekokotoa, mjomba."

"Haya, msomi. Shahada yako, kisu changu."

Akaweka tatu. Kisu kilivunjika kabla ya jino la pili. Hatukuwa na kingine cha kipimo kile.

Mchana huohuo nilifungua programu, nikakuta nilichokihofia. Kwenye nafasi ya chuma ilibaki namba ya chuma laini, ile ya majaribio ya chuoni. Ekseli ni chuma kilichokomazwa kwa moto ili kiwe kigumu. Sikuibadili namba. Sikuuliza hata chuma kimetoka wapi, na lori lile nililiona kwa macho yangu.

Bosi alirudi kutoka Dar kesho yake, akakitazama kisu.

"Mikono ishachoka, fundi. Jumamosi unikabidhi funguo. Mashine ataishika kijana."

Kijana ni mimi, na sasa kwa mshahara. Fundi alinitazama mara moja, akaendelea kufuta mafuta. Hakunitaja. Nilitamani anitaje, nikane au nikiri, jambo liishe. Kunyamaza kwake kuliniachia kazi yote.

Siku tatu nilikokotoa. Nikisema, ajira imekwenda, na baba ameshawatangazia msikiti mzima kwamba mwanawe sasa ni injinia. Nisiposema, mtu aliyeishika mashine ile tangu sijazaliwa anarudi nyumbani kwa kosa langu. Nilitafuta hata namna ya kusema nusu: huenda chuma kilikuwa kigumu. Uongo mzuri, maana ni kweli.

Jumamosi fundi alikuwa ameshaziweka funguo juu ya meza ya bosi. Nikaweka kompyuta kando ya funguo, nikaonyesha namba.

"Hii niliiacha mimi. Yeye alikuwa anakata nusu milimita. Mimi ndiye niliyemwambia tatu."

Bosi aliutazama ule mstari.

"Hiki ndicho ulichosomea miaka minne?"

"Ndiyo."

"Basi kakisomee tena kwenu."

Akazisukuma funguo kwa fundi. Fundi akazitia mfukoni. Hakunishukuru, na sikuona cha kunishukuria. Nikafunga kompyuta, nikatoka kwenda kumwambia baba kabla hajaenda kuswali adhuhuri.